Kiota cha Mwaka Jana

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, kweli isiyotiwa maji wala sukari. Naapa kwa kaburi la mke wangu wa kwanza, na wale wanaosema kwamba bado yu hai, anauza leso kule Malindi, hao wana yao na mimi. Nilikuwepo mimi Chonga, kwa macho yangu haya mawili, kabla hayajaanza kudai miwani. Na yale ya moyoni mwa Dama, ambayo jicho haliyafikii, nimeyapata kwake mwenyewe kidogo kidogo, kwa miaka mingi, kama mtu anayechambua miiba kwenye kipande cha samaki.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, masika yakiwa yanaishia. Zama hizo picha haikuwa kitu cha kutoa mfukoni ukakifuta kwa kidole. Mtu alinunua filamu ya picha thelathini na sita, akaibania wiki tatu, akaipeleka kusafishwa, kisha akangoja. Na kule kungoja kulikuwa na utamu wake. Leo watu wana picha elfu kumi kwenye simu na hawana hata moja ya kumwonyesha mgeni.

Studio ya Bwana Jamaldin ilikuwa Kuze, Mombasa, ndani ya kichochoro chembamba hata wakikutana watu wawili wanene, mmoja alirudi kinyumenyume hadi barabarani kama gari. Chini palikuwa na meza ya kupokelea wateja. Nyuma ya meza palikuwa na chumba cha giza, na ndani ya chumba hicho, chini ya balbu nyekundu, ndimo Dama alimokuwa akizaa picha za watu.

Dama binti Karisa alikuwa Mgiriama wa Kaloleni. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mitano kati ya hiyo alikuwa ameimaliza mle gizani. Alikaa Majengo kwa shangazi yake Mbeyu. Vidole vyake vilinuka dawa ya kusafishia picha hata akivisugua kwa ndimu, na alikuwa na tabia moja iliyowatisha wanaume: ukimwuliza kitu alikujibu kile kile alichokiona.

Ghorofani juu ya studio, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Alasiri, kilikutana chama chetu cha wapiga picha. Tulipiga wanyama na ndege tu, wale wasiofugwa. Kila mwezi Bwana Jamaldin alitoa neno moja, sote tukalitafutia picha. Mwezi huu Kiu, mwezi ujao Hasira. Picha zilitundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, zina namba na hazina majina. Kila mtu alisema alichokipenda na alichokikosa. Mwenye picha alinyamaza. Hata ukimtukania simba wake, alikunywa chai ya tangawizi akatazama dari. Na wa mwisho kusema alikuwa Dama, ingawa hakuwa na kamera wala hakulipa ada. Hiyo ilikuwa sheria ya Bwana Jamaldin. Alisema aliyeiona picha ikizaliwa ndiye ajuaye ilivyolia.

Tulimwogopa. Alipata kusimama mbele ya simba mmoja, wa mtu nisiyependa kumtaja, akasema: "Huyu amepigwa na mtu aliye ndani ya gari, na vioo vimefungwa. Mpigaji aliogopa, na simba anajua." Basi. Akaenda kwenye picha ya pili. Mtu yule nisiyependa kumtaja alikosa usingizi siku tatu.

Sasa katika chama chetu alikuwemo karani mmoja wa reli, Morris Wanjala, mtu wa bara, kutoka upande wa Bungoma. Mrefu, mpole, sauti ya chini kama anayeongea msibani. Wenzake tulikwenda Tsavo tukarudi na ndovu. Yeye hakuwa na uwezo wa Tsavo, akawapiga wanyama wa kisiwa hiki hiki ambao sisi tuliwapita bila kuwaamkia: kenge wa Mbaraki, popo waliolala kichwa chini, nguchiro wa nyuma ya stesheni. Picha yake ya kwanza ilipotundikwa Dama aliiangalia kwa muda, kisha akasema kwamba kenge amepigwa vizuri, ila amepigwa na mtu anayemwomba radhi. Tukacheka. Morris hakucheka wala hakununa. Mwezi uliofuata alileta kenge yule yule, na safari hii kenge alikuwa amemkodolea macho mpigaji, ulimi nje, na hapakuwa na radhi yoyote baina yao.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwaka mmoja na nusu alileta picha, akapewa ukweli wake, akaenda nao nyumbani kama mtu aliyetunukiwa. Akaanza kuleta filamu Jumatano, saa ya chakula cha mchana, ilhali duka la kusafishia picha lilikuwako hatua chache tu kutoka ofisini kwake. Alisimama mezani, wakazungumza. Alimweleza habari za kwao. Habari za Zilpah, msichana aliyekuwa amchumbie akaenda kuolewa na mwalimu. Habari za mama yake aliyemwandikia kila mwezi kumwuliza ataoa lini. Dama alisikiliza akipanga bahasha ambazo zilikwisha kupangwa.

Na kulikuwa na jambo ambalo Dama hakumwambia mtu. Kila filamu ya Morris, picha ya mwisho kabisa, ile ya thelathini na sita, haikuwa ya mnyama. Ilikuwa ya ndara. Ndara za Dama, za buluu, zilizovuliwa nje ya mlango wa chumba cha giza. Mwezi baada ya mwezi, ndara zile zile, mwanga tofauti. Morris hakuomba hata siku moja zisafishwe, wala Dama hakumwuliza. Alizitazama tu kwenye filamu, zikiwa ndogo kuliko ukucha, akajikuta amekaa kwenye kigoda bila kujua amekaa lini.

Neno la mwezi wa sita lilikuwa Nyumba. Jumatano kabla ya mkutano Morris aliingia, akaweka filamu mezani, na asiondoe mkono wake juu yake.

"Nimepata uhamisho," alisema. "Malaba. Mwisho wa mwezi."

Dama aliuona mdomo wake ukisogea. Maneno yalichelewa kidogo kumfikia.

"Malaba ni mbali," akasema, kwa kuwa ilibidi aseme kitu.

"Ni mwisho wa reli." Morris alisukuma ile filamu polepole mpaka ikagusa vidole vya Dama. "Humu mna picha ya ndege mnana. Dume amening'inia chini ya kiota chake, jike amekuja kuchungulia ndani. Hiyo ndiyo nitakayoitundika Jumamosi. Mimi si hodari wa maneno, Dama, wewe unajua. Picha hiyo ndiyo swali langu. Ukisimama pale ukasema kiota kinafaa, nitajua umenikubali, na mjomba wangu atakuja kwa shangazi yako kabla mwezi haujaisha. Ukisema hakifai nitajua vile vile, na sitakusumbua tena."

"Mbona usiniulize hapa? Tuko wawili."

"Hapa unaweza kunionea huruma. Pale juu hujawahi kumwonea mtu huruma."

Dama aliinamisha kichwa. Kichochoroni alipita muuza maji na mkokoteni wake, wakangoja apite, kama kwamba angewasikia.

"Na sikuiti kwenye shida," Morris aliongeza, uso ukichangamka. "Nyumba ipo. Vyumba vitatu, mabati mapya, sakafu ya simiti. Haina upungufu."

"Uliijenga lini?"

"Mwaka wa tisini."

Dama akapiga hesabu kimya kimya. Mwaka wa tisini ulikuwa mwaka wa Zilpah.

"Hakuwahi kulala mtu," Morris alisema, kama aliyemsoma. "Hata siku moja."

Jioni hiyo Dama alimweleza shangazi yake, au tuseme shangazi alimkamua. Mbeyu alikuwa mwanamke wa mwili na maneno, na vyote viwili alivipanga vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikuna nazi juu ya mbuzi, kisha akaanza kuhesabu makosa ya bara. Kwanza baridi. Pili umbali: babake Dama kule Kaloleni alikuwa na mguu mbovu, na hangemfuata mjukuu hadi mwisho wa reli. Tatu, na hapa alikiinua kifuu kama hakimu, nazi atapata wapi? Atakula mchicha uliochemshwa kwa maji kama mgonjwa?

"Mtu wa reli ni behewa, mwanangu," alisema. "Leo liko hapa, kesho limefungwa kwenye injini nyingine."

"Si yeye aliyejihamisha, shangazi."

"Behewa nalo halijihamishi." Mbeyu akaacha kukuna. Akamtazama Dama, akamtazama tena. "Wamtaka?"

Dama alikuwa akichagua mchele. Alichagua punje moja nyeupe kabisa, isiyo na kosa, akaitupa pamoja na mawe.

"Basi nimepoteza pumzi," Mbeyu akasema, akarudi kwenye nazi yake.

Kesho yake Dama alijifungia chumba cha giza akasafisha ile picha. Aliizamisha karatasi kwenye dawa, akalitikisa beseni, akangoja. Kwanza likaja doa la jicho. Kisha ubawa. Kisha dume zima, amening'inia kichwa chini, mabawa yametanuka, anatetemeka kwa kujionyesha. Na pembeni yake jike, shingo imenyooka, akichungulia mlangoni. Dama alishika mdomo. Haikupata kuja picha kama ile mle ndani. Ilikuwa imepigwa na mtu aliyelala chali chini ya mnazi asubuhi nzima, chungu wakamtambaa, na asitikisike.

Hapo kikaja kiota.

Yeye aliwajua akina mnana tangu ana kimo cha mchi. Kule Kaloleni walikuwa na mnazi mmoja wa ndege mia, na watoto waliotumwa kuwinga kuku waliwasahau kuku wakawatazama wao. Alijua kwamba dume hufuma kwa nyuzi za makuti mabichi, kijani kibichi, na jike huja kukagua akiwa na jicho la mama mkwe. Kiota kikikauka kikawa rangi ya udongo, jike hakiingii. Na kiota hiki kilikuwa kikavu. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, rangi haikuonekana, lakini nyuzi zilionekana: zimelegea, zimeachana mdomoni, na mwanga ulipenya tumboni mwake kama kwenye kikapu kilichochoka. Kiota cha mwaka jana. Dume alikuwa amekikuta tayari, akakifurahia, akamwita mchumba. Na jike wa kwenye picha hakuwa anaingia. Alikuwa anakaribia kuruka.

Morris hakuwa na habari. Mtu wa bara alikuwa ameona nyumba, basi.

Dama alisimama mbele ya mashine ya kukuzia picha muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo hakupata kulifanya. Akatia karatasi ya pili, na mwanga wa kawaida ulipokwisha akaongeza mwanga mwingine, ambao kwenye karatasi hugeuka weusi, pale penye kiota peke yake, akaikinga sehemu iliyobaki kwa viganja. Picha ilipotoka, zile nyuzi zilizoachana zilikuwa zimezama kwenye weusi. Kiota kilionekana kizito, kimeshiba, kipya. Ilikuwa picha nzuri kuliko ya kwanza, nayo ilikuwa uongo mtupu.

Akazitundika zote mbili zikauke, akakaa chini yake. Akisema kiota kinafaa, atampata Morris, na Morris atakuwa amepata mwanamke mwingine, wa kusema uongo. Akisema hakifai, atakuwa amebaki yule yule anayependwa na Morris, na Morris atakuwa yuko Malaba. Alizitazama picha mpaka zikakunjamana pembe. Kisha ile ya pili, iliyotiwa weusi, akaichana vipande, akaviosha, akavitia kwenye pipa.

Jumamosi tulikuwa wanane. Mvua ilikuwa imepita adhuhuri, dirisha li wazi, harufu ya udongo na ya bizari inapanda kutoka chini. Picha zilipita moja moja. Tukafika namba nne, na chumba kikatulia chenyewe.

Mwalimu Priscah wa Ganjoni alianza. Alisema anamwona bwana arusi akimwonyesha mkewe vyumba. Alichokikosa ni kipande cha mbingu. Nami nilisema jambo zito sana, ambalo kwa bahati mbaya limenitoka. Bwana Jamaldin alisema mwanga umekaa mahali pake, na kwake hilo lilikuwa sawa na kupiga magoti. Kisha akageuka.

"Dama. Wewe uliyeiona ikizaliwa."

Dama alitoka ukutani. Alivaa gauni la buluu iliyopauka na leso mabegani, na mikono yake aliificha ndani ya leso. Morris alikuwa kiti cha karibu na ngazi, akitazama viatu vyake. Kisha akainua macho. Sikupata kuona mtu akitazamwa vile mbele za watu. Hakumwomba kitu kwa macho yale. Alimfungulia mlango tu, akakaa kando.

"Hii ndiyo picha bora iliyopata kutundikwa hapa," Dama alisema. "Mpigaji hakuogopa na hakuomba radhi. Ukimtazama dume unayasikia mabawa." Akatoa kidole ndani ya leso, akakielekeza kwenye kiota. "Lakini kiota hakifai."

Macho ya Morris yakafungika polepole.

Mwalimu Priscah aliuliza hakifai vipi, mbona kizuri.

"Ni kikavu, mwalimu. Picha haina rangi ndiyo maana hamwoni. Tazameni mdomo wake, nyuzi zimeachana. Kilifumwa mwaka jana, kwa ajili ya jike mwingine, akakikataa au akaenda zake. Huyu dume amekikuta kimesimama, akaona ya nini kujisumbua. Lakini jike wa mnana hakai nyumba iliyofumwa kwa ajili ya mwenziwe. Hata iwe nzuri namna gani. Hata kama hakuwahi kulala mtu."

Morris akasimama. Alichukua kofia yake kitini, akainama kidogo kwa adabu upande wa Bwana Jamaldin, akashika mkono wa ngazi. Kwa kusimama tu alikuwa amekwisha kujitaja, na sote tukajua namba nne ni ya nani. Wengine, tusio wajinga, tukajua na lililobaki.

"Kaa, bwana," Bwana Jamaldin alisema taratibu. "Hajamaliza."

"Sijamaliza," Dama alisema. Sauti ilimkatika, akaiokota. "Nimesema kiota hakifai. Juu ya dume sijasema kitu."

Pale dirishani kunguru alitua, akatutazama, akaona hayamhusu, akaruka.

"Mimi nimekulia chini yao," Dama akaendelea, na sasa hakuwa akitazama picha tena. "Dume akikataliwa kiota hahami mnazi. Anakibomoa mwenyewe kwa mdomo wake, uzi mmoja mmoja, mpaka tawi libaki tupu. Kisha anakwenda kuchana kuti bichi, anaanza upya, pale pale. Nilipata kumwona mmoja akibomoa mara nne."

"Na jike?"

Aliyeuliza alikuwa Morris. Tangu chama kianze mwenye picha hakupata kufungua mdomo, na siku ile hakuna aliyemkemea.

"Jike hukaa tawi la pili."

"Anafanya nini?"

"Anatazama."

"Muda gani, Dama?"

"Muda wote kinapofumwa."

Mwalimu Priscah alitoa leso ya mkononi akajipangusa pua, akasema mafua ya masika hayana adabu. Bwana Jamaldin akajishughulisha na birika la chai ambalo lilikuwa tupu. Na Morris Wanjala, karani wa reli, akatia mkono mfuko wa koti, akatoa barua ya uhamisho yenye muhuri, akairarua mara mbili, mara nne, mara nane, akavirusha vipande dirishani. Na hapo, naapa tena, wakaja akina mnana wasiopungua arubaini, wa manjano kama bizari, wakavidaka vipande vyote hewani kabla havijagusa ardhi, wakaenda kufumia. Mpaka leo uko mnazi mmoja nyuma ya Kuze wenye kiota chenye muhuri wa reli.

Hapo niliikamilisha hadithi hii, na wiki jana nikaipeleka kwa wenyewe, Ganjoni, niwasomee.

Dama ana mvi sasa, na bado anakutazama kabla ya kujibu. Alikuwa anachambua mchicha barazani. Morris alikuwa kando yake, anamenya chungwa kwa utepe mmoja mrefu usiokatika. Nikasoma mwanzo hadi mwisho, kwa madaha, nikipandisha na kushusha. Penye ndara nilimwona Morris akiona haya kama kijana. Nilipofika kwenye ndege Dama alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa leso. Nikaona nimeshinda.

"Ndege nakuachia, Chonga," alisema. "Ndege ni wako. Lakini barua hakuirarua."

Nikasema si neno, ni kionjo tu, msomaji apate kufurahi.

"Alikwenda. Wewe mwenyewe ulimbebea sanduku stesheni, ukalidondosha. Sasa miezi yangu kumi na minne umeipeleka wapi?"

"Dama, shemeji yangu, hadithi haiwezi kumngojesha mtu miezi kumi na..."

"Mimi nilingoja. Siku moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja niliyopewa bure. Unaichukua unaitupa dirishani ili watu wacheke? Irudishe."

Nikamgeukia Morris anitetee, mwanamume kwa mwanamume. Yeye akamaliza kumenya chungwa lake, akampa mkewe nusu.

"Na siku tisa," alisema. "Kumi na minne na siku tisa."

Basi nalipa.

Hakuirarua. Aliikunja akairudisha mfukoni, na mwisho wa mwezi akapanda gari la moshi kwenda Malaba. Dama hakulia stesheni. Alisimama mpaka behewa la mwisho likawa nukta, na mpaka nukta ikaisha. Mwezi wa nane Morris alikwenda kwao Bungoma akapanda juu ya paa la ile nyumba akang'oa mabati, moja moja, akampa ndugu yake. Mama yake hakusema naye hadi Krismasi. Aliomba kurudishwa Mombasa, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Shangazi Mbeyu alileta wachumba wawili, wote watu wazuri, wote karibu na nazi, na Dama aliwapikia chai akawasindikiza hadi barabarani. Kila mwezi filamu ilikuja kwa posta. Dama aliisafisha, akaitundika namba, akasimama Jumamosi akasema mbele yetu alichokiona na alichokikosa, huku kiti cha karibu na ngazi ki kitupu. Kisha akaenda kumwandikia yote, bila kupunguza makali. Mwezi wa kumi na nne hapakuja filamu. Mwezi ukaisha, zikapita na siku nane.

Siku ya tisa Morris alikuwa ameacha kazi ya reli. Alikuwa amepata kazi ndogo bandarini, na vyumba viwili vya kupanga Ganjoni, vitupu, havina hata kigoda. Alitoka stesheni kwa miguu na sanduku lake hadi Kuze, akampita Bwana Jamaldin mezani bila salamu, akabisha mlango wa chumba cha giza.

Dama aliujua mkono ule kwa ule mbisho mmoja tu. Lakini alikuwa na karatasi kwenye dawa, picha ya harusi ya watu, nusu imekuja na nusu bado. Angefungua mlango, mwanga ungeingia, na harusi ya watu ingekuwa giza.

"Usifungue," alisema.

"Ni mimi."

"Najua. Bado dakika nne."

Morris akakaa chini, mgongo kwenye mlango. Ndani, Dama akalitikisa beseni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaubandika kwenye mbao za mlango, pale alipodhani pana bega. Maji yalidondoka. Bibi arusi wa watu akaja polepole, jicho, kisha kidole chenye pete.

Dama asema miezi ile kumi na minne ilipita, kila mwezi kwa zamu yake, lakini zile dakika nne hazikuwa na haraka. Nazo nimeziweka hapa, zote nne, sikubakisha hata moja.